Jinsi Jeni Zinavyoongoza Kuumbika kwa Mabawa ya Wadudu

Nia yetu katika makala haya mafupi ni kueleza kwa Kiswahili jambo ambalo wanafunzi wetu wamezoea kulisoma kwa Kifaransa, yaani namna jeni zinavyoongoza kuumbika kwa mabawa ya wadudu. Twataka pia kusahihisha wazo lililoenea, kwamba bawa lina jeni yake moja iliyo kama picha yake. Sivyo. Jeni zinazotuhusu hapa ni kama wasimamizi: huamua bawa liote wapi, na wapi lisiote.

Tuchukue mfano wa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, yule mdogo azungukaye ndizi zilizoiva. Kidari chake kina pingili tatu, na kila pingili ina jozi ya miguu. Pingili ya pili ndiyo yenye mabawa. Ya tatu, ambayo kwa wadudu wengi huwa na jozi nyingine ya mabawa, kwa nzi ina virungu viwili vidogo vinavyomsaidia kusawazisha mwili anaporuka.

Bawa huanza mapema. Nzi angali kiinitete, makumi machache ya seli hutengwa kwa ajili ya kila bawa. Buu anapokula na kunenepa, seli hizo huongezeka na kufanya kisahani chenye seli zipatazo 50,000. Katika hali ya pupa, kisahani hicho hukunjuka na kuwa bawa. Lakini kabla ya hapo hugawanywa, kama shamba linavyopimwa kabla ya kupandwa. Jeni iitwayo apterasi hufanya kazi katika seli za upande wa juu tu. Pale seli hizo zinapopakana na za upande wa chini, ndipo utakapokuwa ukingo wa bawa. Kutoka mpakani hapo hutolewa ishara zinazosaidia kuamsha jeni nyingine, vestijiali, ambayo huzielekeza seli ziwe bawa. Mwaka 1996 watafiti walitangaza kwamba waliiamsha jeni hiyo mahali pasipo pake, na tishu za bawa zikaota hata machoni na miguuni mwa nzi. Haikuzijenga peke yake. Iliamsha jeni nyingine nyingi zilizo chini yake.

Je, pingili ya tatu haina mabawa kwa kukosa jeni hizo? La. Seli zote za mwili zina urithi ule ule. Tofauti ni kwamba katika pingili hiyo jeni ya Ultrabithoraksi iko kazini, nayo huzuia bawa lisiote. Mwaka 1915, huko Marekani, Calvin Bridges alimpata nzi ambaye virungu vyake vilianza kufanana na mabawa. Edward Lewis aliichunguza habari hiyo kwa miongo kadhaa. Kwa kuunganisha mabadiliko kadhaa ya jeni katika nzi mmoja, alimpata nzi mwenye mabawa manne kamili. Mwaka 1995 alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus. Tuzingatie kwamba nzi huyo hakuongezewa jeni ya bawa; aliondolewa katazo tu.

Kipepeo naye anayo Ultrabithoraksi, tena hufanya kazi katika mabawa yake ya nyuma. Hata hivyo mabawa hayo huota, ila hupata umbo na rangi tofauti na yale ya mbele. Jeni inayoamuru ni ile ile. Zilizobadilika ni zile zinazoitii.

Kwa kumalizia, liko somo kwa wanaotafsiri sayansi. Jeni nyingi za nzi zimepewa majina kutokana na hasara inayoonekana zinapoharibika. Apterasi, kwa asili ya Kigiriki, ni “bila mabawa”, ilhali jeni hiyo ikiwa nzima ndipo bawa huota. Vestijiali nayo yatokana na vijipande vya mabawa vinavyobaki jeni hiyo ikiharibika. Mwalimu akitafsiri jina pekee, atamfundisha mwanafunzi kinyume cha ukweli. Afadhali jina libaki kama lilivyo, na Kiswahili kieleze kazi.