Habasoda na Kifua cha Mwenye Pumu

Nyumba nyingi za mwambao wetu hazikosi chupa ya mafuta ya habasoda. Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu mbegu hii kuwa ina shifaa, na hadithi hiyo imo katika Sahihi za Bukhari na Muslim.

Wataalamu nao wamechuja humo kiini kiitwacho thaimokwinoni. Mwili usiopatana na vumbi au manyoya ya paka humwaga histamini na lukotrini. Pua ikachuruzika, kifua kikabana. Katika maabara, kiini hicho kimeonekana kupunguza mmwagiko huo na kutuliza uvimbe. Majaribio kadhaa kwa wagonjwa wa mafua ya mzio na wa pumu yametia matumaini, ingawa mengi yalihusisha watu wachache.

Kwa hivyo tunawanasihi akina mama: msimwachishe mwenye pumu dawa yake ya kuvuta mkamtegemezea mafuta pekee. Kifua kikibana, mkimbizeni hospitali. Mjamzito, na anayetumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza.

Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali. Habasoda ni sababu, na daktari ni sababu. Mwenye kuponya ni Allah.