Rupia za Mjerumani na Mashine Isiyosikia Shanga

Neno "hela", ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara kadhaa kwa siku, tuliachiwa na Mjerumani. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliacha kuigawa rupia katika pesa 64, ikaanza kuigawa katika heller 100. Heller ikawa hela, na ingawa sarafu yenyewe ilikufa zamani, jina limebaki midomoni mwetu.

Sarafu hizo zilipita kwa wingi katika nyanda hizi za kati. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na pamoja nayo walikuja vibarua, wenye maduka, askari na makarani wa kodi. Palipo na watu na mifuko iliyotoboka, sarafu huanguka. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba ardhini Dodoma kuna hela za Mjerumani hasemi uongo. Uongo huanza pale anaposema kwamba ziko masanduku kwa masanduku, na kwamba yeye anajua mahali.

Siku hizi imani hiyo ya zamani imepata chombo kipya. Mashine za kunusa madini, ambazo wachimbaji wadogo wa dhahabu huziita ditekta, si vitu vya ajabu tena. Dodoma nayo imekuwa mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 huko Chimwaga, na Chuo Kikuu cha St. John's kimo katika majengo yaliyokuwa ya Shule ya Sekondari Mazengo. Viwanja vya vyuo ni vikubwa na wazi, na vingine vimekanyagwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Kijana mwenye mashine yake atauliza: kuna ubaya gani nikipita pale Jumapili asubuhi, nikachimbua sarafu mbili tatu?

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Lile sahani la chini lina waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku inayopenya ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha metali, huamsha ndani yake umeme mdogo, na umeme huo nao hutoa sumaku yake inayorudi juu. Mashine ikiipokea, inalia. Basi, hakuna uganga hapo. Kwa kitu kidogo kama sarafu, mashine ya kawaida hufika kiasi cha shubiri moja, pengine na kidogo zaidi. Anayekuambia kwamba yake imeona rupia moja mita tano chini anakutafutia nauli.

Aidha, mashine haichagui kwa heshima. Italia kwa kizibo cha soda, kwa msumari, kwa bomba la maji na kwa waya wa umeme uliofukiwa. Penye udongo wenye chuma kingi, itapiga kelele bila ya kuwapo chochote cha maana. Katika uwanja wa shule ya zamani, mwenye subira ataokota vizibo mia kabla hajapata senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati.

Lakini hayo ya vizibo ni madogo. Hoja yangu hasa ni kuhusu vile ambavyo mashine haivisikii. Haisikii mfupa, wala kigae cha chungu, wala jiwe lililochongwa, wala mkaa wa moto uliokokwa miaka elfu kumi iliyopita. Haisikii shanga ya ganda la yai la mbuni.

Twende Kondoa. Kaskazini ya mji huo, upande wa barabara kuu iendayo Babati, ipo michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mojawapo ya mapango hayo, Mungumi wa Kolo, ni mahali ambapo Warangi wamekuwa wakifanya matambiko yao. Na ni hapo hapo ambapo, kwa sababu ya hadithi kwamba Wajerumani walificha mali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu walichimba shimo wakitafuta dhahabu. Udongo waliouchimbua na kuutupa kando ulikuwa umejilaza tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na zama zake.

Thamani ya tabaka hizo inaonekana katika pango jirani la Kisese, katika wilaya hiyo hiyo. Mwaka 1956 mtaalamu Ray Inskeep alichimba hapo polepole, akiandika kila kipande kilitoka kina gani. Miongo sita baadaye wataalamu wengine walirudia mkusanyiko wake uliohifadhiwa, wakapima shanga za ganda la yai la mbuni, wakakuta kwamba za zamani kabisa zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Shanga hizo ni miongoni mwa mapambo ya kale zaidi ya aina hiyo yanayojulikana duniani. Zilipatikana hapa kwetu, na umri wao ulijulikana kwa sababu tu mahali pake palikuwa pameandikwa. Lau angetangulia mtu mwenye ditekta na jembe, shanga zingebaki kwenye kifusi, naye angeondoka akilalamika kwamba pango halina kitu.

Na hiyo mali ya Mjerumani, je? Hebu tutazame hali yake mwenyewe. Vita vilipoanza mwaka 1914 meli za Ujerumani zilizuiwa, na koloni likaishiwa fedha. Serikali ikachapa noti za muda hapa hapa nchini. Mwaka 1916 huko Tabora ikapiga sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba na vyuma chakavu, zikiwa na herufi T. Ilipiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba katika mkoa wa Singida wa leo. Hizo za dhahabu zilikuwa takriban 16,000 tu, kila moja gramu 7 na kidogo. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Sasa niulize: serikali yenye masanduku ya dhahabu ya kufukia ingehangaika kuyeyusha vyuma chakavu ili ilipe askari wake?

Rupia ya tembo ina bei kubwa kwa wakusanyaji, sikatai. Ila wanaonufaika hapa kwetu mara nyingi ni wauza ramani na wauza "rupia za miujiza". Wapo hata waliobomoa bikoni za wapima ardhi wakidhani ndani yake mna zebaki.

Nirudi kwa kijana wetu wa chuoni. Uwanja wa chuo una mwenyewe, na ruhusa yake ni ya lazima. Lakini ruhusa hiyo peke yake haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza kuchimba kwa ajili ya kutafuta vitu vya kale bila leseni. Sheria hiyo inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Hela ya 1904 imepitwa na mpaka huo, ni kweli, lakini huwezi kujua jembe lako litapita katika nini kabla ya kuifikia.

Si kwamba viwanja vya vyuo havifai kuchimbwa. Huko Marekani, wanafunzi wa Harvard huchimba uwanja wa chuo chao chini ya walimu wa akiolojia. Humo zimepatikana herufi ndogo za risasi za mtambo wa kuchapia wa karne ya 17. Kwa mizani ya muuza vyuma hazina thamani, lakini mahali zilipolala palisaidia kuonyesha lilipokuwa jengo walimosomea vijana wa wenyeji wa nchi ile, ambamo mtambo ulichapa Biblia kwa lugha yao mwaka 1663. Kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Wanafunzi wa Dodoma wenye hamu hiyo wanaweza kuomba mwalimu, leseni na kamba za kupimia.

Na ukiokota sarafu shambani au njiani bila kuitafuta, usiisugue kwa mchanga wala ndimu. Andika ulipoiokota, kina chake na kilichokuwa karibu yake, kisha uipeleke kwa maofisa wa Mambo ya Kale. Kwa wakazi wa Kondoa si safari ndefu: ofisi ipo Kolo penyewe, kando ya barabara, na ndipo wageni hujiandikisha kabla ya kupanda kwenda kwenye michoro.