Mnyama wa kuazimwa: Neema na mzigo kwa bustani zinazompokea

MNAMO Novemba 2024, panda wawili waliokuwa wakiishi katika bustani ya wanyama ya Ähtäri, nchini Finland, walirejeshwa kwao China. Mkataba ulikuwa wa miaka 15. Walikuwa wamekaa kwa muda usiotimia miaka saba.

Panda hao, Lumi na Pyry, hawakuwa wagonjwa wala hawakuwa wamemdhuru mtu. Kilichowaondoa ni hesabu za fedha.

Bustani hiyo, iliyo katika mji mdogo ulio mbali na jiji kuu la Helsinki, ilikuwa imetumia zaidi ya Euro milioni nane kuwajengea makao. Kuwatunza kuligharimu takriban Euro milioni 1.5 kila mwaka, ikiwemo ada iliyolipwa China. Kisha janga la Covid-19 likawazuia wageni, mfumko wa bei ukapandisha gharama, na serikali ya Finland ikakataa kutoa msaada. Madeni yalipolemea, wenye bustani waliamua kuwarudisha wanyama hao kwa mwenyewe.

Kisa hiki kinazua swali ambalo limezisumbua bustani nyingi duniani. Je, bustani inayompokea mnyama adimu kwa njia ya kuazima hufaidika, au hujitwika mzigo usiobebeka? Na je, mnyama mwenyewe pamoja na wenzake waliobaki mwituni hupata nini?

Hapo awali, panda walitolewa kama zawadi. Baada ya Rais Richard Nixon wa Marekani kuzuru Beijing mnamo Februari 1972, China iliipa nchi hiyo panda wawili, Ling-Ling na Hsing-Hsing, ambao waliishi jijini Washington hadi kufa kwao.

Katika miaka ya themanini, China iliacha kuwagawa bure na kuanza kuwaazima kwa malipo. Mwanzoni waliazimwa kwa miezi michache tu, wakizungushwa kutoka mji mmoja hadi mwingine ili umma uwatazame. Utaratibu huo ulizua malalamiko. Mnamo 1988, shirika la WWF na muungano wa bustani za wanyama nchini Marekani walikwenda mahakamani kupinga hatua ya serikali kuruhusu panda wawili kupelekwa katika bustani ya Toledo, jimbo la Ohio. Walidai kuwa hiyo ilikuwa biashara iliyovikwa vazi la uhifadhi.

Kutokana na mivutano hiyo, masharti yalibadilishwa. Sera iliyotolewa na Marekani mwaka wa 1998 iliagiza kwamba bustani inayotaka panda ithibitishe kuwa itafanya utafiti wa maana. Aidha, zaidi ya nusu ya ada ilipasa kutumiwa katika miradi ya kuwahifadhi panda walio mwituni China.

Siku hizi mkataba wa kawaida huchukua miaka 10, nayo ada hufikia hadi Dola milioni moja za Marekani kwa jozi kila mwaka. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka wa 2025, hizo ni takriban Sh130 milioni. Mtoto akizaliwa, bustani hutozwa ada ya ziada, na mtoto huyo ni mali ya China. Tai Shan, aliyezaliwa Washington mwaka wa 2005 na kupendwa na mamilioni ya Wamarekani, alipelekwa China mnamo Februari 2010, nchi ambayo hakuwa ameikanyaga kabla ya hapo.

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, kwani mwenyewe aweza kuidai wakati wowote. Bustani iliyojenga jina lake juu ya mnyama wa mwingine hubaki na uga mtupu siku anapoondoka. Hali hiyo iliikumba Washington mnamo Novemba 2023, panda wake watatu waliporejeshwa China. Ilimlazimu kila mgeni kusubiri hadi mwaka uliofuata ndipo jozi mpya, Bao Li na Qing Bao, ilipowasili.

Licha ya ukubwa wake, ada hiyo ni sehemu moja tu ya gharama. Panda mmoja hula kati ya kilo 12 na 38 za mianzi kwa siku. Mmea huo una lishe haba, hivyo yeye hutumia karibu nusu ya siku akitafuna. Ni lazima mianzi iwe mbichi, na mara nyingi panda huibagua na kukataa ile isiyompendeza.

Bustani ya Calgary, Canada, ililitambua hilo kwa njia ngumu. Mianzi yake ililetwa kwa ndege kutoka mbali. Safari za ndege zilipopunguzwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya Covid-19, ilikuwa vigumu kupata chakula cha kutosha. Panda Er Shun na Da Mao, waliotarajiwa kukaa huko hadi 2023, walirudishwa China mnamo Novemba 2020. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu ni mgeni asiyepewa jembe hata akikaa miaka 10.

Zaidi ya chakula, kuna makao yenye kiyoyozi, madaktari wa wanyama, watafiti, walinzi na bima. Mwaka wa 2006, gazeti la The New York Times liliripoti kwamba kumtunza panda kuligharimu mara tano zaidi ya kumtunza ndovu, ambaye ndiye aliyemfuata kwa ughali. Bustani nne za Marekani zilizokuwa na panda wakati huo, yaani Atlanta, Memphis, San Diego na Washington, zilikuwa zimetumia Dola milioni 33 zaidi ya mapato yaliyotokana na panda hao kati ya 2000 na 2003.

Mtu aweza kushangaa ni kwa nini, basi, bustani huendelea kupanga foleni kuwaomba.

Jibu la kwanza ni wageni. Panda wanapowasili, watu humiminika. Bustani ya Edinburgh, Scotland, iliyopokea Tian Tian na Yang Guang mnamo Desemba 2011, ilishuhudia ongezeko kubwa la wageni mwaka uliofuata. Hoteli, mikahawa na wenye magari ya uchukuzi hufaidika pia, ingawa faida hiyo haiingii katika vitabu vya hesabu vya bustani.

Hata hivyo, hamu hiyo hupoa. Mtu akishamwona panda mara moja, si lazima arudi. Kinachowarudisha watu ni mtoto kuzaliwa, na hilo halina uhakika. Panda jike huwa tayari kushika mimba mara moja tu kwa mwaka, kwa muda wa kati ya saa 24 na 72. Edinburgh ilijaribu hata upandikizaji wa mbegu, mbinu ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa hapa nchini wanaifahamu vyema, lakini juhudi hizo hazikufua dafu. Yang Guang alihasiwa mwaka wa 2018 baada ya kutibiwa saratani, na jozi hiyo ikarudi China mnamo Desemba 2023 bila mtoto.

Jibu la pili ni elimu, na hapa ndipo watetezi wa mpango huu wana hoja nzito. Miongo kadhaa iliyopita, watoto wengi wa panda waliozaliwa kwenye vizimba walikufa wakiwa wachanga. Mara nyingi panda huzaa pacha, na mama humtunza mmoja na kumtelekeza mwingine. Wataalamu wa China na wenzao wa bustani za nje walishirikiana kutengeneza maziwa ya kufaa na kubuni mbinu ya kuwabadilisha pacha hao kwa zamu, mmoja akinyonya huku mwingine akiwa kwenye kitanda chenye joto.

Panda jike Bai Yun, aliyepelekwa San Diego mwaka wa 1996, alizaa watoto sita huko. Wa kwanza wao, Hua Mei aliyezaliwa 1999, ndiye panda wa kwanza kuzaliwa Marekani na kuishi hadi utu uzima. Ujuzi uliopatikana kwa kuwachunguza wanyama hao ulisaidia vituo vya China kuwa na mamia ya panda.

Jibu la tatu ni uhusiano wa mataifa. Mkataba wa Finland ulitiwa sahihi mwaka wa 2017, Rais Xi Jinping alipozuru nchi hiyo ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya uhuru. Kwa serikali, panda ni ishara ya urafiki na mlango wa biashara. Tatizo ni kwamba wanasiasa hupigwa picha siku ya kwanza, nayo bustani hubaki kulipia mianzi miaka yote inayofuata.

Swali zito zaidi ni iwapo fedha hizo humfikia mnyama aliye mwituni. Sensa iliyotangazwa na China mwaka wa 2015 ilipata panda 1,864 katika misitu ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, kutoka 1,596 katika sensa iliyotangulia. Mwaka wa 2016, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulimpunguzia panda kiwango cha hatari ya kuangamia.

Ingawa hivyo, sifa kubwa ya ufanisi huo ni ya misitu yenyewe. China ilizuia ukataji miti ya asili kuanzia 1998, ikapanua hifadhi na kuwaadhibu vikali wawindaji haramu. Panda waliozaliwa vizimbani na kuachiliwa mwituni ni wachache mno, na wa kwanza wao, Xiang Xiang, aliyeachiliwa 2006, alifariki mwaka uliofuata.

Isitoshe, mwaka wa 2024 The New York Times liliripoti kwamba sehemu ya ada zilizolipwa na bustani za Marekani ilitumiwa nchini China kujenga majumba na barabara badala ya kulinda misitu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 nao ulionyesha kuwa chui walikuwa wametoweka katika asilimia 81 ya hifadhi za panda. Yaani kumlinda mnyama mmoja mashuhuri hakumaanishi kwamba jirani zake wako salama.

Mambo haya si ya ng'ambo pekee. Kenya nayo imempokea mnyama adimu ambaye si wake. Mnamo Desemba 2009, bustani ya Dvůr Králové ya Jamhuri ya Czech ilileta faru weupe wanne wa kaskazini katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Bustani hiyo ilibaki na umiliki wa faru hao, huku Kenya ikitoa ardhi, hali ya hewa na ulinzi.

Ilitumainiwa kwamba nyasi na jua la Afrika vingewafanya wazaane. Haikuwa hivyo. Suni alifariki mwaka wa 2014, naye Sudan, dume wa mwisho, akafa mnamo Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, ambao hulindwa na askari wenye silaha usiku na mchana.

Gharama ya ulinzi huo ni kubwa, lakini matunda yake yanaonekana. Tangu 2019, wanasayansi wamekuwa wakichukua mayai ya faru hao na kuyaunganisha kwenye maabara na mbegu za madume waliokwisha kufa. Mnamo Januari 2024, walitangaza kwamba faru wa kusini alikuwa ameshika mimba ya kiinitete kilichopandikizwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kwa bahati mbaya, faru huyo alikuwa amekufa kutokana na maambukizi ya bakteria, lakini ilithibitika kuwa mbinu hiyo inawezekana.

Pia kuna mfano wa bongo wa mlimani, swara ambaye mwituni hupatikana Kenya pekee na ambaye idadi yake haifiki 100. Wengi wa wale walio katika bustani za ng'ambo ni vizazi vya bongo walionaswa humu nchini miongo mingi iliyopita. Mwaka wa 2004, bongo 18 walirudishwa kutoka Marekani na kupelekwa eneo la Mlima Kenya, na mnamo Februari 2025 wengine 17 wakaletwa kutoka Florida. Bila bustani hizo, hifadhi hiyo ya damu isingekuwepo.

Tofauti iliyopo kati ya visa hivi na cha Ähtäri ni bayana. Faru na bongo waliletwa karibu na makao yao ya asili, na lengo lilikuwa kizazi kijacho. Ähtäri ilitegemea tiketi za langoni kumlipia mgeni aliye ghali kuliko wanyama wake wengine wote.

Funzo hilo linaihusu Kenya hasa. Mwaka wa 2005, serikali ilikubali kuipa Thailand wanyamapori 175 kwa ajili ya bustani ya Chiang Mai. Mpango huo ulipingwa vikali na watetezi wa wanyama na kufikishwa mahakamani. Hiyo ilikuwa zawadi, na anayetoa zawadi hana neno tena juu ya mnyama wala watoto wake. Anayeazima hubaki na umiliki, na aweza kudai utafiti, fedha na vizazi.

Kwa hivyo, kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, yafaa maswali manne yajibiwe hadharani. Ni nani atakayelipa wageni wakipungua? Chakula kitatoka wapi safari zikikatizwa? Watoto watakuwa mali ya nani? Na ni kiasi gani cha ada kitakachofika msituni, na nani atakayekikagua? Bustani isiyoweza kuyajibu haya itajikuta ilipojikuta Ähtäri: na jumba la thamani ya mamilioni, na asiwepo wa kulilalia.