Chumvi tusiyoitia kwa mkono wetu

Mama mmoja wa ushirika wetu hapa Kadutu aliambiwa na muuguzi apunguze chumvi, kwa sababu tansio yake ilikuwa juu. Alitii. Akaanza kupika sombe bila kutia hata punje moja. Miezi ikapita, na tansio ikabaki pale pale. Tulipoketi naye kuhesabu alichokula, ndipo tulielewa: katika kila sufuria alitia kube tatu ili mboga isikose ladha, asubuhi alikula mkate na margarini, na Jumamosi makayabu.

Kube hizo wengi wetu tunaziita Maggi, hata zikiwa za kiwanda kingine. Kube ya gramu 4, kwa kawaida karibu nusu yake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba duniani watu wanakula gramu 10.8, zaidi ya mara mbili. Sehemu kubwa ya sumu hii ya polepole, tuiite hivyo, haionekani kwa macho. Chumvi ina sodiamu, nayo huzuia maji mwilini. Damu inaongezeka, na moyo unaisukuma kwa nguvu zaidi. Tansio haiumi. Mtu anaimba kwaya Jumapili vizuri kabisa, na Jumanne amepooza upande mmoja.

Kwa hiyo tusome karatasi ya mfuko au ya mkebe kabla ya kulipa. Bidhaa nyingine zimeandikwa «sel», nyingine «sodium», na hapo watu wanadanganyika. Sodiamu ni lazima uizidishe mara 2.5 upate chumvi. Ukiona miligramu 800 za sodiamu, hizo ni gramu 2 za chumvi.

Lakini tusiwabebeshe wamama mzigo wote. Mpishi hawezi kuondoa chumvi ambayo kiwanda kimeisha kuitia. Afrika Kusini ilitoa sheria mwaka 2013, ikaanza kazi Juni 2016: mkate usizidi miligramu 400 za sodiamu kwa gramu 100, na mwaka 2019 kiwango kikashushwa hadi 380. Kube na supu za unga nazo ziliwekewa mpaka. Vyakula vingi vya mikebe vinatufikia kwa kuvuka Ruzizi, na hivyo ni kazi ya serikali. Ila mkate wa Bukavu unaokwa Bukavu, na waokaji wengine tunasali nao. Tunawaomba wapunguze kidogo kidogo. Ulimi unazoea kwa majuma machache, hata mnunuzi hatambui.

Kuna jambo moja la kuangalia sana. Wengine wakisikia haya wanataka kuacha chumvi kabisa. Hapana! Wazee wa Idjwi wanajua rovu, ule uvimbe wa shingo uliowapata watu wengi kisiwani kwa kukosa iodini, hata wataalamu wakaenda kuuchunguza huko miaka ya 1960. Chumvi yenye iodini ndiyo kinga yake. Tununue hiyo, tutie kidogo, na ladha nyingine itoke kwa kitunguu, tangawizi, ndimu na nyanya mbichi. Sambaza waliokaushwa juani bila chumvi ni wazuri kuliko sardini za mkebe, na bei yao tunaijua. Makayabu yalowekwe usiku, maji yabadilishwe mara mbili au tatu.

Yule mama sasa anatia kube moja katika sufuria ya watu saba, na chumvi ya iodini kwa ncha ya kijiko. Watoto walinung'unika juma la kwanza. Dawa zake hakuziacha, na muuguzi atampima tena mwisho wa mwezi.