Sanga: makaburi yasiyo na majina yanayosimulia Katanga ya zamani

Kando ya ziwa Kisale, katika jimbo la Haut-Lomami, wamezikwa watu ambao hakuna anayejua majina yao. Hata hivyo, makaburi hayo ya Sanga ndiyo yaliyofundisha mengi kuhusu maisha ya bonde la Upemba miaka zaidi ya 1000 iliyopita, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiandika.

Wabelgiji Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walifukua hapo mwaka 1957 na 1958. Walikuta vyungu vya namna mbalimbali, wakadhani ni vya wakati mmoja. Pierre de Maret alipochimba tena mwaka 1974, ilionekana kwamba namna hizo zilifuatana, hadi karibu karne ya 18.

Jambo la kugusa moyo liko kwenye makaburi ya watoto. Katika wakati ambao wataalamu wameupa jina la ziwa Kisale, mtoto alizikwa na vyungu vidogo, mkubwa na vyungu vikubwa. Vingi, basi, havikutoka jikoni: vilifinyangwa kwa ajili ya marehemu mwenyewe. Mfinyanzi alijua anamfanyia nani.

Kisha kuna shaba. Bonde la Upemba halina madini hayo. Yalitoka kusini, kwenye ukanda wa shaba wa Katanga, kwa njia ya biashara. Tangu karne ya 14 hivi, wafu walizikwa na misalaba midogo ya shaba (haihusiani na dini ya Kikristo). Mwanzoni ilikuwa mikubwa kiasi, michache, ikilazwa kifuani. Baadaye ikawa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyofanana, ikiwekwa karibu na mikono au kiuno. Wataalamu wanasoma humo namna kitu cha heshima kilivyogeuka kuwa pesa.

Lakini somo hilo linategemea mahali kitu kilipolazwa. Mtu akichomoa msalaba na kuuuza, kinachobaki ni kipande cha shaba tu: haijulikani tena kama kilikuwa kifuani au mkononi, cha mtoto au cha mzee. Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni, na vitu vya kale vilivyo chini ya udongo vimo ndani yake.

Sanga haijafukuliwa yote. Sehemu ya makaburi ingali imelala chini ya ardhi, kando ya ziwa lilelile ambako wavuvi wanapitisha mitumbwi yao.