Mtoto akitaka kusoma kazi ya kinezi

Wazazi wengi, mtoto akipata diploma ya Serikali, wanawaza uganga au uuguzi tu. Kuna kazi nyingine ya hospitali: kinezitherapia, tunayoiita kinezi. Mwenye kazi hiyo hachomi sindano. Anarudisha nguvu ya viungo kwa mikono yake na kwa mazoezi.

Tuangalie Mabanga, katika komini ya Karisimbi, Goma. Mji huo umejengwa juu ya mawe ya volkano, na 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mpaka katikati. Mzima anajikwaa, mwenye magongo je? Mgonjwa akitembea vema juu ya sima laini ya hospitali, kazi haijaisha. Lazima afundishwe kupita mawe ya kwao.

Januari 2025, vita vilipofika Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, katika komini hiyo hiyo, ilijaa majeruhi. Mganga anakata mguu kwa saa chache. Kinezi anaanza kesho yake, kwa miezi. Mtu aliyekatwa chini ya goti anapenda kuweka mto chini ya kigutu, maumivu yapungue. Lakini goti likizoea kujikunja linakauka hivyo, na mguu wa bandia hautamfaa. Kinezi anauondoa mto, naye anachukiwa.

Hata mama wa mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda anachoka. Plasta inabadilishwa kila juma, mara tano au sita hivi. Kisha viatu vyenye chuma katikati, usiku na mchana kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka miaka minne au mitano. Akiona mguu umenyooka anaviacha, na mguu unapinda tena. Lakini akivumilia, mtoto anakimbia na wenzake. Malipo makubwa ya kazi hii ni hayo.

Kwa pesa, tuseme wazi: katika Kongo wahudumu wengi wa afya wanangoja miaka bila kuingia katika orodha ya mishahara ya Serikali, wakiishi kwa fungu la pesa za wagonjwa. Tena kuinua watu kunaumiza mgongo wa kinezi mwenyewe. Sheria ni ile ya wabeba mizigo wetu: kunja magoti, mzigo karibu na kifua, uzito mkubwa watu wawili.

Basi, kabla ya kulipa masomo, mwombee mtoto nafasi ya kushinda siku moja katika chumba cha kinezi. Aone kama anaweza kuendelea kukunja goti la mtu anayelia.