Urefu wa Kasiba na Ufupi wa Hoja Zetu

Majuzi, katika semina ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana mmoja mwerevu alisimama akadai kuwa Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi na siasa, lakini hakiwezi kubeba mjadala wa kiufundi. Nilipomtaka atoe mfano, alifikiri kidogo kisha akasema: "Daktari, hebu tueleze kwa Kiswahili jinsi Mmarekani anavyochagua urefu wa bunduki ya kuwindia elki milimani." Darasa zima likaangua kicheko. Muda ulikwisha kabla sijamjibu, nikamwahidi kwamba nitamjibu. Ahadi ni deni, nami nalilipa hapa.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana ugumu wa kwanza haumo katika Kiswahili bali katika Kiingereza. Huko Ulaya jina hilo la elki ni la mnyama mwingine kabisa, mkubwa mwenye pua nene na pembe pana kama sinia. Walowezi walipofika Amerika Kaskazini walimwona mnyama wa jamii ya ayala, wakampachika jina wasilolijua vyema. Washawnee, wenyeji wa nchi ile, walikuwa tayari wakimwita wapiti, yaani mwenye makalio meupe. Makaburu nao walipofika kusini mwa Afrika walichukua jina lile lile kwa Kiholanzi wakampa pofu wetu. Hivyo basi, mwalimu asimwadhibu mwanafunzi aliyetafsiri elki kuwa kongoni kabla ya kuwaadhibu walowezi. Mimi nitatumia wapiti.

Wapiti dume aliyekomaa hufikisha kilo 300 na zaidi. Makao yake makuu ni milima ya Rocky, katika majimbo kama Colorado, Montana, Wyoming na Idaho. Msimu wa kumwinda kwa bunduki ni hasa Oktoba na Novemba, wakati theluji imeanza kuanguka. Hapo mwindaji hupanda hadi mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, akipenya misitu ya misonobari iliyosongamana na kuruka magogo yaliyolazwa na upepo. Huko Colorado, tangu mwaka 1996, wadudu wanaotoboa magome waliua mamilioni ya miti, na mingi kati ya hiyo imeanguka ikapandana kama njiti za kiberiti.

Sasa tuje kwenye kasiba. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni utete au mwanzi, kitu chenye uwazi ndani. Kifyatulio kikivutwa, pini hugonga fataki iliyo katika tako la ganda, baruti huwaka na kugeuka gesi, na gesi hiyo husukuma risasi mbele. Maadamu risasi ingali ndani ya kasiba, gesi huendelea kuisukuma. Ndiyo maana kasiba ndefu huipa risasi kasi kubwa zaidi. Lakini msukumo huo huwa mkali mno mwanzoni tu, kisha hufifia, kwa hiyo kila inchi inayoongezwa huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia.

Bunduki nyingi za kuwindia huwa na kasiba ya inchi 20 hadi 26. Chini ya inchi 16, sheria ya shirikisho ya Marekani hudai usajili maalumu. Katika vipimo hivyo vya kawaida, inchi moja huongeza au hupunguza takriban mita sita hadi tisa kwa sekunde, na zaidi kidogo kwa risasi zenye baruti nyingi. Chukua risasi ya .30-06, ambayo imetumika tangu mwaka 1906. Yenye uzito wa gramu 11.7 hutoka katika kasiba ya inchi 24 kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde. Ukikata inchi nne, utapoteza mita 25 hadi 30. Katika umbali wa mita 275, risasi hiyo itashuka chini zaidi kwa sentimita mbili hivi. Sehemu ya kifua cha wapiti iliyo na moyo na mapafu ina upana unaozidi sentimita 30. Anayekosa shabaha hiyo asiisingizie kasiba.

Kuna dhana nyingine iliyokita mizizi, kwamba bunduki ndefu hulenga sawasawa zaidi. Ilikuwa na ukweli zamani, mtu alipolenga kwa macho matupu, kwa sababu alama mbili za kulengea zikiwa mbalimbali kosa huonekana upesi. Siku hizi wengi hulenga kwa darubini, na urefu wa kasiba hauongezi kitu hapo. Isitoshe, kasiba fupi yenye unene ule ule hutikisika kidogo kuliko ndefu.

Je, basi tuifupishe tu? La, hasha. Kasiba ikifupishwa, mlipuko husogea karibu na uso wa mpigaji, na kishindo huzidi. Mtu anayekiogopa kishindo hufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua, na mshtuko huo hujeruhi wanyama wengi kuliko upungufu wa mita 30 za mwendo. Fauka ya hayo, risasi ya kuwindia hutengenezwa ichanue ndani ya mwili, na ikifika mbali ikiwa imechoka haichanui. Itatoboa tu, na mnyama ataondoka na jeraha akafie bondeni asikopatikana.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamifu huko Marekani, niliwahi kufuatana na mzee mwenyeji wangu katika safari moja ya namna hiyo, kazi yangu ikiwa kubeba mkoba. Bunduki yake ilikuwa na kasiba ya inchi 26, nayo ilining'inia mgongoni mdomo ukichomoza juu ya kichwa. Kila tulipoinama chini ya matawi ilinasa na kutumwagia theluji shingoni. Mara ya nne au ya tano mzee alisimama, akaishusha, akachungulia mdomo wake: theluji ilikuwa imejaa ndani. Kasiba iliyozibwa inaweza kupasuka mikononi mwa mpigaji. Wakati akiisafisha, majike watatu walikatiza mbele yetu, hatua 60 hivi, wakatokomea. Hakutamka neno. Jioni alifunika mdomo wa bunduki kwa utepe, jambo alilokiri kwamba angelifanya asubuhi.

Kutokana na hayo, rai yangu ni hii. Anayewinda katika msitu mzito na makorongo, akitumia .30-06, ashike inchi 22, mwenye.308, iliyotokea mwaka 1952 na yenye baruti chache zaidi, ateremke hadi 20 bila wasiwasi. Anayetumia .300 Winchester Magnum kwenye miteremko ya wazi asishuke chini ya 24, la sivyo atakuwa ananunua baruti ili imwakie nje. Na anayefunga bomba la kupunguza kishindo akumbuke kwamba huongeza sentimita 15 hadi 20 mbele ya mdomo, kwa hivyo kwake 18 au 20 zinafaa.

Sisi Wakenya hatuna haja ya ushauri huu, kwani uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Lakini msomaji na ahesabu: kasiba, kifyatulio, fataki, ganda, baruti, shabaha. Hakuna nililolibuni. Nilipokwama ni mahali pamoja tu, kwenye ile michirizo ya ndani ya kasiba inayoizungusha risasi, nami napendekeza tuiite mifuo. Kijana wangu nimempa zamu yake wiki ijayo: atueleze kwa Kiingereza, bila kamusi, jinsi mafundi wa Matondoni wanavyolikalafati jahazi.